Sass: Acha laptopu iamue, lakini si kila kitu

Ukisimama steji ya Kondele jioni, unajua nauli haina msimamo. Kama abiria ni wachache, unalipa bei ya kawaida. Kama watu wamejaa wakitoka kazini, inaongezeka kidogo. Na mawingu yakitanda juu ya ziwa, makanga hakuulizi: bei imepanda. Hiyo ndiyo lojiki ya masharti, na umeishi nayo tangu utotoni.

Sasa tuseme unatengeneza tovuti hapa Kisumu. Una wateja watatu: mama anayeuza mbuta na ngege Dunga, kikundi cha bodaboda Nyalenda, na hoteli ndogo karibu na soko la Jubilee. Kurasa zao zinafanana: jina juu, picha, bei, kitufe cha kupiga simu. Tofauti ni rangi na vitu vichache tu. Wengi hufanya nini? Wanakopi faili ya CSS mara tatu. Wiki mbili baadaye unaamua kitufe kiwe kikubwa, unarekebisha faili moja, unasahau mbili. Mteja anaona, anakasirika, na salio la malipo yako linaanza kuzungushwa.

CSS ilipoanza mwaka 1996, haikuwa na njia ya kusema "kama mteja ni huyu, tumia rangi hii". Mwaka 2006 Hampton Catlin akaanzisha Sass, na Natalie Weizenbaum akaikuza. Unaandika kwa Sass, kisha programu inatafsiri kazi yako kuwa CSS ya kawaida. Ni ya bure. Kama tayari una Node kwenye laptopu, andika npm install -g sass, halafu sass duka.scss duka.css. Basi.

Angalia hii:

$biashara: samaki;
$rangi: gray;
$maandishi: white;

@if $biashara == samaki {
  $rangi: #0b5d7a;
} @else if $biashara == boda {
  $rangi: #f2c200;
  $maandishi: black;
} @else {
  $rangi: #7a1f1f;
}

.kitufe {
  background: $rangi;
  color: $maandishi;
}

Isome kama maneno ya makanga: kama biashara ni samaki, rangi ya ziwa. Kama sivyo, lakini ni boda, manjano. La sivyo, nyekundu iliyokolea ya hoteli. Alama mbili za == zinauliza swali; nukta mbili zinaweka jibu. Ukibadilisha neno moja tu pale juu, kutoka samaki hadi boda, ukurasa mzima unavaa nguo nyingine. Umeona pia kwamba boda imepewa maandishi meusi? Maandishi meupe juu ya manjano, kwenye jua la saa sita, hayasomeki. Bei isiyosomeka haiuzi kitu.

Hapa kuna mtego wa kwanza. Ukitoka JavaScript, umezoea kwamba sifuri na maneno matupu huhesabiwa kama "hapana". Kwa Sass, ni false na null pekee zinazosema hapana. Kwa hiyo $punguzo ikiwa 0, kisha uandike @if $punguzo, Sass inaingia ndani bila wasiwasi. Tovuti ya mama wa Dunga itaonyesha alama ya punguzo la bei ambalo halipo, na wanunuzi watafika ufuoni kumdai. Andika @if $punguzo > 0 na utalala usingizi.

Mtego wa pili ndio mkubwa, na ukiushika huu umeshika somo zima. Sass huamua kwenye laptopu yako, kabla faili haijapanda mtandaoni. Ni kama nauli iliyoandikwa kwenye kibao asubuhi: kibao hakioni mvua ya jioni. Anayeiona mvua ni makanga, na makanga wa tovuti ni kivinjari kwenye simu ya mteja.

Kwa hivyo jiulize swali moja kila mara: jibu linajulikana lini? Jina la biashara na rangi zake unazijua leo, ukiwa umekaa mezani. Hizo zipe @if. Lakini upana wa skrini, au kama mwenye simu amechagua mwonekano wa giza, vinajulikana tu ukurasa ukishafika mkononi mwake. Hapo tumia @media (min-width: 600px) au @media (prefers-color-scheme: dark). Ukijaribu kuunda $usiku ndani ya Sass, utakuwa umewaamulia watu wote usiku mmoja, hata aliye juani Mbita.

Ndiyo maana pia @if haiwezi kusoma thamani iliyo ndani ya var(--rangi). Sass inaona maandishi hayo tu. Thamani yake itapatikana baadaye, ndani ya kivinjari.

Kuamua mapema kuna faida yake. Sheria ulizoweka kwenye tawi lililoshindwa haziingii kabisa kwenye CSS ya mwisho. Mnunuzi wa omena hapakui mapambo ya bodaboda, na bando lake linapona kidogo.

Mambo yanabadilika pia. Mwaka 2025, Chrome ilianza kuelewa if() ndani ya CSS yenyewe, yaani kivinjari kikiuliza maswali yake papo hapo. Lakini wateja wako hawatumii kivinjari kimoja, wala simu zao hazilingani umri. Usiitegemee peke yake kwa kazi ya mtu anayekulipa.

Ukitaka wenzako wa kujifunza nao, Kisumu ina LakeHub, kituo cha teknolojia ambapo vijana huandika programu pamoja. Ukimaliza ukurasa wako, usiuhukumu kwenye laptopu tu. Uweke mtandaoni, nenda ufuoni saa sita mchana na simu ya bei nafuu, na umwombe mtu asiyekujua akusomee bei ya samaki. Akikunja uso na kukinga skrini kwa mkono, rudi kwenye tawi lile na ubadilishe rangi.