Mkono Uliolala Unahitaji Wengi

Mzee wetu mmoja, mtu wa safu ya kwanza katika msikiti wetu hapa Litumbandyosi, alipatwa na kiharusi. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, na alhamdulillahi akarejea nyumbani akiwa hai. Daktari alimpa dawa, wauguzi walimhudumia, nasi wanakamati tulikwenda kumjulia hali na kumwombea dua. Lakini hapakuwa na aliyekaa na familia kuwaeleza ule mkono uliolala ufanyiwe nini. Watoto wake, kwa huruma, walimwacha apumzike. Miezi ilipopita bega lilikaza, na mzee akashindwa kuinua mikono yote miwili kwa takbira.

Hatumlaumu mtu. Kila mmoja alitimiza wajibu wake. Pengo lilikuwa kati ya mmoja na mwingine. Kuliziba pengo hilo ni elimu, na wapo waliyoitumikia.

Mfano wa karibu ni Profesa José Frantz wa Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Aliifundisha, akaongoza idara yake, kisha akawa mkuu wa kitivo kinachowakusanya wanaosomea uuguzi, tiba ya viungo, ustawi wa jamii na lishe. Baadaye alipanda hadi kuwa naibu makamu mkuu wa chuo. Katika kitivo hicho wanafunzi wa fani hizo hukutanishwa wangali masomoni, wajadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Ndiyo elimu ambayo Shirika la Afya Duniani liliihimiza katika mwongozo wake wa mwaka 2010: wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze pamoja, kila mmoja akiijua kazi ya mwenzake.

Hapa kwetu Tanzania, mfano uko Moshi. Katika eneo la Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, hufundishwa tiba ya viungo na tiba kwa kazi. Na tangu mwaka 1981 kipo hapo chuo cha TATCOT, kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia. Fikirini mkulima wa kahawa wa milima ya Mbinga aliyekatwa mguu. Mmoja humtengenezea mguu, wa pili humfundisha kutembea nao, wa tatu humsaidia arudi kwenye mibuni yake. Akikosekana mmoja, juhudi za wengine hupungua faida.

Ndugu wasomaji, familia nayo imo katika safu hiyo. Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, tuulize kabla ya kuondoka: alazwe vipi, akalishwe vipi, afanye mazoezi gani na mara ngapi kwa siku? Tusimvute kwa mkono uliolegea tunapomwinua, kwani bega huumia. Na kijana anayefanya vizuri katika baiolojia na fizikia, tumweleze kwamba udaktari na uuguzi si milango pekee ya kuwahudumia wagonjwa.

Mzee wetu sasa huswali akiwa ameketi kitini, na sheria imempa ruhusa hiyo. Kamati yetu imejiwekea desturi: tunapomzuru mgonjwa, baada ya dua tunauliza pia habari za mazoezi. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.