Nondo Anayekausha Mlilana

Mkoko ukikauka, lawama humwendea mkata boriti. Si ajabu, maana dari za Mji Mkongwe wa Unguja zimebebwa na boriti za mikoko kwa miaka mingi. Lakini yapo matawi yanayokauka bila kuguswa na shoka.

Mti wa kuangaliwa hapa ni mlilana, ambao wengine huuita mpia. Huu ndio mkoko unaotangulia mbele, ukitazamana na bahari, kama ilivyo Ghuba ya Chwaka. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza matopeni, minene na yenye ncha. Maua yake hufunguka usiku na popo huyafuata, na mbao zake hutoa mataruma ya majahazi. Mti unaooga maji ya chumvi kila siku, nani angedhani utaliwa na kiwavi?

Huko Kenya mililana ilikuwa ikikauka kwa takriban miongo miwili kabla ya wahusika kutambuliwa. Mwaka 2016 Elisha Jenoh na wenzake walichapisha walichokipata baada ya kukagua misitu ya mikoko ya pwani ile: wadudu wawili, nondo mdogo wa ukoo wa Metarbelidae na mbawakawa aitwaye Bottegia rubra. Nondo hakuchagua, alikuwepo kaskazini na kusini mwa pwani hiyo vilevile. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kutushtua sisi wa Unguja, ambao mlilana wetu ni uleule.

Madhara yote ya nondo huyo huletwa na kiwavi wake. Nondo wa ukoo huu akishakomaa hali kitu. Kazi yake ni kupandana na kutaga. Kiwavi hutoboa tawi, akajichimbia njia ndani ya mti, na sehemu iliyo mbele ya tundu ikanyauka.

Kupuliza dawa ni kujidanganya. Kiwavi amejificha ndani ya mti, na sumu yenyewe bamvua litaisomba hadi kwa kaa na kamba. Kukata matawi nako kunahitaji kibali cha misitu, hata kwa nia njema.

Kinachowezekana kwa wavuvi na wanakijiji ni kukagua maji yanapokupwa. Tawi lililokatwa lina alama ya panga. Lililokaushwa na kiwavi bado lina vijiti vyake vyote, majani yamepukutika, na pale ukavu unapoanzia pana tundu. Likionekana, idara ya misitu iambiwe mapema, kabla mti mzima haujakauka.