TV ya chogo inapiga kelele? Isikilize kwanza kabla ya kushika bisibisi

Mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza mwaka 2013, si kila mtu alitupa TV yake ya chogo. Wengine walinunua king'amuzi, wakachomeka waya na maisha yakaendelea. Hadi leo, kuanzia Igoma hadi Kirumba na ng'ambo kule Ukerewe, bado utazikuta sebuleni.

Shida ni kwamba zimezeeka, na zikizeeka huanza kelele. Kelele nyingine ni za kawaida, nyingine ni hatari. Hivi ndivyo utakavyozitofautisha.

Anza hapa

Punguza sauti hadi sifuri. Kelele ikikata, angalia waya wa king'amuzi au spika. Ikiendelea, inatoka ndani ya TV yenyewe.

Mlio mwembamba kama wa mbu

TV hizi huchora picha kwa mistari 625, mara 25 kila sekunde. Zidisha, unapata 15,625. Kifaa kinachozalisha umeme mkubwa ndani, mafundi wanakiita flaibeki, hutetemeka kwa kasi hiyo hiyo.

Ndiyo maana mtoto analalamika "inalia" na babu anasema hasikii kitu. Wote wako sahihi, kwa sababu masikio hupoteza sauti nyembamba kadiri umri unavyokwenda. Huo si ubovu. Ila mlio ukiongezeka ghafla, mwite fundi.

Monita za chogo za kompyuta ni tofauti. Nyingi hufanya kazi kwa kasi inayozidi 30,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu halisikii. Monita ikianza kupiga filimbi, ikaguliwe.

Kishindo ukiiwasha

"Puum" fupi mara moja ni kawaida. Hiyo ni koili inayosafisha sumaku kwenye kioo ili rangi zisiharibike.

"Ta-ta-ta" kama cheche

Hii ndiyo ya kuogopa, hasa ikija na harufu kali au picha inayorukaruka. Umeme mkubwa wa ndani huvuta vumbi. Vumbi likikutana na unyevu, kama ule wa msimu wa mvua kando ya ziwa, linageuka njia ya umeme kuruka. Zima na uchomoe kwenye soketi. Usisubiri mechi iishe.

Kwa nini usifungue chogo

Ndani kuna zaidi ya volti 20,000. Soketi ya ukutani ina 230 tu. Kibaya zaidi, kioo hutunza umeme hata baada ya kuchomoa waya, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Mtu anaweza kupigwa shoti na TV ambayo haijachomekwa popote.

Unachoweza kufanya mwenyewe

• Chomoa waya, kisha futa vumbi kwenye matundu ya nje kwa brashi kavu. Usitumie maji.
• Ondoa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki juu yake. Vinaziba hewa, joto linapanda.
• Isogeze mbali kidogo na ukuta, na mbali na moshi wa jikoni.
• Kama imenyeshewa au imetoka kwenye baridi, iache ikauke kabisa kabla ya kuiwasha.
• Hakikisha plagi haichezi kwenye soketi.

Kelele ikibaki, kazi ni ya fundi. Yeye ataondoa kwanza umeme uliobaki kwenye kioo, atasafisha, atachomea upya sehemu zilizoachia au kubadilisha flaibeki. Uliza bei mapema, ulinganishe na bei ya flati iliyotumika. Wakati mwingine kutengeneza hakulipi.

Ikifa kabisa

Usiivunje ili kutoa shaba, na usiwaachie watoto waichezee. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ikitupwa mtaroni, mvua husomba vipande hadi ziwani, na maji ya kunywa ya Mwanza yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo.

Mpelekee fundi ikiwa nzima. Vipuri vyake vinaweza kufufua TV ya mtu mwingine.