Mitala Zanzibar: wake wanne, halafu?

Juzi kijiweni ulizuka ubishi kuhusu wake wengi. Jamaa mmoja akafunga mjadala: "Muislamu karuhusiwa wanne, kwisha habari." Mimi nimezaliwa Unguja, mama yangu ni bi mdogo, kwa hiyo niacheni nieleze kidogo.

Ruhusa ipo kweli, Qurani sura ya 4 aya ya 3. Lakini aya hiyo hiyo inasema ukiogopa kutofanya uadilifu, basi oa mmoja. Wengi wanaisoma nusu halafu wanafunga msahafu! Uadilifu unaodaiwa ni wa vitu vinavyohesabika: chakula, mavazi, makazi na zamu ya kulala. Baba alikuwa analala siku mbili huku, mbili kule. Sisi watoto zamu tulikuwa tunaijua kwa harufu tu, maana siku akija ndio nguru anakaangwa.

Upande wa sheria, Bara wana Sheria ya Ndoa ya 1971, ila Zanzibar haitumiki. Huku ndoa za Waislamu zinakwenda Mahakama ya Kadhi. Nikaha inataka walii, mashahidi wawili na mahari. Idhini ya mke wa kwanza sio sharti. Ndio maana bi mkubwa wetu habari za mama alizisikia sokoni, na miaka mingi hawakusemeshana. Kwingine wamebadilisha: Tunisia ilipiga marufuku mitala 1956, na Morocco tangu 2004 mume lazima apate ruhusa ya jaji.

Sasa ngoma nzito ni mirathi. Mume akifa akaacha watoto, mke anapata thumni, yaani 1/8. Wake wakiwa wawili hawapati thumni mbili jamani, wanagawana hiyo hiyo, kila mmoja 1/16. Kinachobaki, baada ya wazazi wa marehemu kama wapo, ni cha watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike.

Baba alipofariki ndio tukayajua haya. Nyumba tunayokaa alikuwa anamwambia mama "hii yako", ila hakuandika popote wala hakumkabidhi mbele ya watu. Ikaingia kwenye mirathi, watoto tisa, na kaka zangu wakubwa wakataka iuzwe haraka wapate chao.

Aliyewazuia ni bi mkubwa, yule yule. Kawaambia wanawe isiguswe mpaka mdogo wangu wa kike amalize fomu foo. Anafanya mtihani Novemba hii.