Una BP? Kila Mtu Anayo: Kweli na Uongo wa Vifupisho vya Hospitali

Mgonjwa anayeshuka kilima cha hospitali ya Bugando hapa Mwanza, au anayetoka ile ya Sekou Toure kutafuta daladala, huwa ameshika karatasi iliyojaa herufi: BP, BS, mRDT, UTI, AS, 1x3x5/7. Herufi hizo huandikwa ili wahudumu wasomeane haraka, maabara kwa daktari, daktari kwa dirisha la dawa. Lakini karatasi hufika nyumbani, Igoma au Ukerewe, na huko husomwa upya na jirani, na shemeji, na muuza duka la dawa. Maana zinazozaliwa hapo zinawafanya watu wanywe dawa wasizozihitaji na waache zile wanazozihitaji. Tuzipitie.

"Mzee ana BP."

Si kweli, kwa jinsi inavyosemwa. BP ni msukumo wa damu kwenye mishipa, na kila aliye hai anao. Ugonjwa ni msukumo huo kuwa juu, yaani 140 kwa 90 au zaidi, tena ukipimwa kwa siku tofauti, wala si mara moja baada ya mtu kupanda ngazi za hospitali mbiombio. Namba ya juu ni msukumo moyo unapokamua damu, ya chini ni moyo unapopumzika.

Madhara yanaanzia kwenye maneno "BP imepanda". Anayeyatumia huamini kwamba ugonjwa huja na kuondoka, kwa hiyo humeza kidonge siku kichwa kinapouma na kukiacha siku anapojisikia mzima. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili yoyote. Inaharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo kimyakimya, na dawa yake ni ya kila siku.

"Nimepimwa, nina malaria nne."

Ilikuwa na maana, na bado inayo pale damu inapotazamwa kwa hadubini. Kipimo hicho ndicho BS. Mtaalamu anapaka tone la damu kwenye kioo, kisha anahesabu vimelea na kuweka alama za kujumlisha. Alama moja ni vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya kioo aliyoyatazama. Mbili ni 11 hadi 100 katika maeneo hayohayo 100. Tatu ni 1 hadi 10 katika kila eneo moja, na nne ni zaidi ya 10 katika kila eneo. Kwa hiyo kila alama inapanda karibu mara kumi ya iliyotangulia. Nne haiko mbali na mbili kwa hatua mbili tu kama watu wanavyodhani.

Hata hivyo namba hiyo peke yake haisemi nani anaumwa zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja au mjamzito mwenye alama moja anaweza kuwa hatarini, wakati mtu mzima aliyekulia Sengerema, mwili wake umeshapambana na malaria tangu utotoni, akatembea na vimelea vingi zaidi.

Na siku hizi wengi hupimwa kwa mRDT, kile kipande cha plastiki chenye dirisha na herufi C na T. Kipimo hiki hakihesabu kitu. Mstari wa C unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Usipotokea, kitupwe kichukuliwe kingine. Mstari wa T unaonyesha kwamba protini ya kimelea imepatikana, hata kama mstari wenyewe umefifia. Hakuna malaria moja wala tano hapo. Protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mistari miwili siku kumi baada ya kumaliza dawa si uthibitisho kwamba dawa ilikuwa mbovu. Hapo ndipo kioo na hadubini vinahitajika tena.

Na mstari ukiwa mmoja tu, wa C, kwa kawaida homa ina chanzo kingine. Kumwambia mhudumu "kipimo kinadanganya, nipe mseto tu", yaani dawa ya malaria, ni kumzuia asikitafute.

"Widal imetoka 1:160, nina taifodi kali."

Si kweli, au tuseme haijathibitishwa. Widal ni jina la daktari Mfaransa, Georges-Fernand Widal, aliyekieleza kipimo hiki mwaka 1896. Majimaji ya damu yanachanganywa na vipande vya bakteria, yanazimuliwa zaidi na zaidi, na namba inaonyesha yalizimuliwa hadi kiasi gani yakawa bado yanagandamana. Kinachopimwa ni kingamwili, yaani askari wa mwili. Anayeishi mahali penye taifodi anaweza kuwa na askari hao kutokana na maambukizi ya zamani, na magonjwa mengine, malaria ikiwemo, yanaweza kuwaamsha pia. Karatasi moja ya Widal haiwezi kutofautisha ya jana na ya leo.

Nasema hivi nikijua taifodi yenyewe ni ugonjwa wa kutisha. Madaktari wa upasuaji wa Bugando wamekuwa wakiwapokea wagonjwa ambao utumbo wao umetobolewa nayo. Ndiyo maana inaniuma kuona jina lake likigawiwa kwa kila mwenye uchovu na kichwa kuuma. Kipimo chenye uzito ni kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane.

"Nina UTI sugu."

Hapa nitakaa, kwa sababu sijui kifupisho kinachotumika vibaya Mwanza kuliko hiki. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo: figo, kibofu na mirija yake. Dalili zake ni kukojoa mara kwa mara, kuungua wakati wa kukojoa, maumivu ya chini ya kitovu, na homa figo zikiguswa. Muwasho na ute wenye harufu ukeni ni mambo mengine: fangasi, au bakteria wa uke kuvurugika, au ugonjwa wa ngono. Yakiitwa yote UTI, yote yanapewa dawa moja, na mwenzi hatibiwi.

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kutochanganya. Kati ya 1991 na 1994, utafiti uliofanywa katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza ulionyesha kwamba pale zahanati zilipotibu vizuri magonjwa ya ngono, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na kusomwa dunia nzima. Kumpa jina la UTI mtu mwenye kisonono ni kuitupa elimu iliyopatikana hapahapa kwetu.

Kisha kuna karatasi ya mkojo. Ikisema "pus cells 2–4", wengi huona usaha na kukimbilia duka la dawa. Chembe chache za namna hiyo, mpaka kama tano kwa eneo moja la hadubini, ni za kawaida. "Epithelial cells" ni seli za ngozi ya ndani zilizobanduka. Zikiwa nyingi mara nyingi maana yake mkojo haukukingwa vizuri, na kinachotakiwa ni kurudia kipimo.

Na wanaosema "mwili wangu umeshazoea dawa hiyo"? Si kweli. Anayezoea ni bakteria, na akishazoea anampelekea jirani yako ugonjwa usiosikia dawa hata kama jirani hajawahi kuimeza. Wizara ya Afya ina kifupisho chake kwa hilo, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Nusu ya dozi ya antibayotiki iliyonunuliwa kwa sababu ya chembe tatu za usaha ni njia fupi ya kufika huko.

"Kichocho ni kukojoa damu. Mimi sikojoi damu, kwa hiyo sina."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki inaua. Vichocho vya kwetu ni viwili, na karatasi ya maabara huviandika kwa herufi moja ya mbele na jina: S. haematobium na S. mansoni. Cha kwanza ndicho cha mkojo, na kinapatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye malambo na madimbwi ya Misungwi na Kwimba. Cha pili ni cha tumbo, na ndicho cha mwambao na visiwa: Ukerewe, Kome, mialo yote ambako watu wanaanika dagaa na kufua wakiwa wamesimama majini hadi magotini.

Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na choo kikubwa. Chini ya hadubini yana mwiba ubavuni, wakati yale ya kichocho cha mkojo yana mwiba kwenye ncha. Kwa hiyo aliyepimwa mkojo tu pale Igombe na kuambiwa hana kichocho amepimwa mlango usio wake. Karatasi ya kipimo cha choo ikiandikwa "ova", ni mayai. Maana yake minyoo iko ndani na inataga.

Mayai yasiyotoka hukwama kwenye ini. Miaka ikipita, ini linajaa makovu, damu inakosa njia, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka inapasuka. Mvuvi anatapika damu na kufa, na msibani linatajwa jina la mtu aliyemloga. Nadhani hakuna uongo wa kitabibu unaoumiza zaidi kando ya ziwa letu kuliko huu, maana juu ya kifo unaongeza uadui baina ya majirani.

Huko bara nako mambo huchanganyika upande wa pili: damu kwenye mkojo inaitwa UTI, na mwanamke mwenye vidonda vya kichocho kwenye njia ya uzazi anatibiwa ugonjwa wa ngono asiokuwa nao.

Dawa ni prazikwanteli, PZQ kwenye cheti, na kipimo chake hutegemea uzito. Shuleni mtoto husimamishwa kwenye kijiti kirefu chenye alama, kwa sababu urefu unakadiria uzito pale pasipo mizani. Dawa hii haimlindi mtu asiambukizwe tena kesho, na minyoo michanga huiponyoka. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono wa majini havidumu zaidi ya takriban siku mbili, hivyo maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa muda huo hayana tena kichocho cha kupenya ngozini, ingawa ya kunywa bado yachemshwe.

"Mtoto ni AS, basi ana sikoseli."

Si kweli. AS amebeba nusu ya urithi na kwa kawaida haumwi. Tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu urithi huu umeenea sana Kanda ya Ziwa. Mgonjwa ni SS. Wazazi wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, nasisitiza. Anayesema "tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima" amekosea hesabu.

"TND kwenye cheti maana yake nimepona VVU."

Si kweli: virusi vimeshuka mpaka kipimo hakivioni, lakini vimejificha kwenye seli na hurudi dawa zikiachwa. Kilicho kweli, na hakisemwi kwa sauti ya kutosha, ni kwamba anayekaa katika hali hiyo kwa kumeza dawa zake hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

"5/7 ni vidonge vitano kati ya saba."

Si kweli. Ni siku 5. Saba ni siku za wiki. Kwa mtindo huohuo 2/52 ni wiki mbili na 1/12 ni mwezi mmoja. Na 1x3 ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane, tuseme saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Mseto una utaratibu wake. Bahasha ya mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi huandikwa 4x2x3/7, jumla vidonge 24. Dozi ya pili inamezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, kila mara pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata dagaa wa kukaanga, kwa sababu bila mafuta sehemu kubwa ya dawa haifyonzwi. Vikibaki vinne kwenye bahasha na homa imeshashuka, dozi haijaisha.