Mrushaji anayeitwa wakati mambo yameharibika

Wale wanaofanya poste ya usiku hapa Salamabila wanajua namna ile: wenzako wamechimba muchana kutwa, maji inaanza kuingia ndani ya shimo, watu wamechoka, njo unaitwa wewe. Mambo yakiharibika, watasema ni wewe. Hakuna atakayeuliza maji ilianza kuingia saa ngapi.

Besiboli, ule mchezo wa Waamerika wa kurusha mpira na kuupiga na gongo, iko na mtu wa kazi ya namna hiyo. Mechi ina vipindi 9. Mrushaji wa kwanza anarusha mipira 80 ao 90, mkono unachoka. Kocha anamtoa, na mrushaji wa kusaidia anaingia. Pengine atarusha mipira 15 tu, basi. Lakini pengine anakuta wapinzani wamekwisha kujaza vituo vyote 3, wanangoja paka pigo moja wakimbie. Mpigaji amesimama mita 18 na nusu mbele yake, na mpira unakwenda kilometa 150 kwa saa. Aliyejaza vituo ameketi anakunywa maji.

Mwafrika aliyeishi kwa kazi hiyo anaitwa Tayler Scott. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1992, akahamia Arizona angali kijana. Mwaka 2011 ekipe ya Chicago Cubs ilimchagua akitoka shuleni. Mtu angesema maisha imefunguka. Hapana! Alikaa miaka katika madaraja ya chini, Cubs ikamwacha, akaenda kucheza Sioux City, katika ligi ndogo isiyokuwa hata chini ya mikono ya ekipe kubwa. Akarudi kwa Milwaukee, na mwaka 2017 wakamtoa kwa Texas ili wapate mrushaji mwingine.

Juni 2019 njo akafika ligi kubwa, na Seattle: mrushaji wa kwanza huko aliyezaliwa Afrika ya Kusini. (Mwafrika wa kwanza wa ligi hiyo ni Gift Ngoepe, wa inchi ileile, tangu Aprili 2017. Yeye si mrushaji.) Mwaka uleule Scott akapelekwa Baltimore. Walimpiga sana. Akavuka bahari, akacheza Hiroshima, Japani, 2020 na 2021. Akarudi: San Diego 2022, kiisha Los Angeles, Boston na Oakland, zote 3 ndani ya mwaka 2023. Mtu na familia yake wanafunga mizigo mara ngapi?

Mwaka 2024, Houston ikamwita mara 62. Kwa kila vipindi 9 alivyorusha, wapinzani walipata pointi 2,23 tu kwa mkono wake. Kwa mchezo huo, ni hesabu ya watu wachache. Alikuwa amefika miaka 32.

Sasa feza, maana najua mutauliza. Ligi kubwa mwaka 2024 ililipa kwa uchache dola 740.000, lakini inahesabiwa kwa siku ambazo jina lako liko kwenye liste: karibu dola 4.000 kila siku. Wakikushusha leo, kesho unalipwa feza ya chini. Na huko chini mishahara ilikuwa haya tupu: katika moja ya madaraja ya chini, dola 11.000 kwa mwaka. Mwaka 2022 wachezaji hao waliingia katika sendika, na 2023 wakapata kontra ya kwanza ya pamoja. Wale wa 11.000 wakapanda mpaka 26.200. Hakuna aliyewapa kwa huruma.

Na upande wetu huu? Tuangalie Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, lakini walinyimwa viza kwa sababu ya karatasi za kuzaliwa. Mwaka 2012 wale wa Lugazi wakafika, ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza pale, wakashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2. Miaka 10 nyuma ya hapo, Los Angeles Dodgers ikaandika kontra na vijana 2 Waganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Serunkuma ni mrushaji.