Simu Ikipotea Muscat: Okoa Hela Kwanza, Simu Itafuata

Dada zetu mnaofanya kazi majumbani na kaka zetu wa saiti, leo tuongee kuhusu simu. Wengi wakipoteza simu hukililia kile kifaa. Sisi watu wa hesabu tunaanza na swali jingine: ndani yake kulikuwa na nini?

Tuchukue mfano. Dada yuko Seeb, simu yake kainunua riali 60. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola 2.60 tangu 1986, kwa hiyo hiyo simu ni kama dola 156. Ni hela, hatukatai. Lakini ndani yake kuna laini ya nyumbani yenye M-Pesa, na humo kaweka milioni moja na nusu za Kitanzania za mabati ya nyumba. Kuna programu ya benki. Kuna WhatsApp ya mama, watoto na kikundi cha upatu. Simu ikipotea, riali 60 zimeondoka. Milioni na nusu bado ipo, ila ufunguo wake umebaki kwa mtu usiyemjua. Hiyo ndiyo ya kukimbilia.

Piga kwanza

Azima simu ya aliye karibu, piga namba yako. Simu hata ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, aliyeiokota anaweza kupokea. Teksi za Muscat zinaendeshwa na Waomani, na Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanaongea Kiswahili, kwa hiyo usione haya kujaribu. Kikigoma, tumia Kiarabu chetu cha kazini: "hada telefon mal ana." Mwambie ulipo, muulize alipo.

Asipopokea, usipige mara hamsini, utamaliza betri. Tuma meseji moja fupi yenye namba ya simu uliyoazima, kisha subiri kidogo. Kama teksi aliita mwenzako kwa programu, afungue orodha ya safari zake, dereva yumo humo. Kama ni basi la Mwasalat, tafuta tikiti, kumbuka njia na saa uliyoshuka, uulizie kwao.

Laini ipi izuiwe, ipi isubiri?

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya. Ukizuia laini ya Oman papo hapo, simu haitaita tena, na kama ilikuwa inatumia bando la laini hiyo, haitaonekana kwenye ramani. Usipoizuia, aliyenayo anaweza kuichomoa, akaiweka kwenye simu nyingine na kupokea meseji za namba za uhakiki.

Sisi tunashauri hivi. Laini ya nyumbani yenye hela izuie mara moja, maana haikusaidii kuitafuta simu. Laini ya Oman ipe kama nusu saa ikiwa unaamini umeisahau mahali na simu ina namba ya siri. Lakini kama umeibiwa, au simu ilikuwa wazi bila namba ya siri, zuia zote bila kusubiri, pamoja na akaunti ya benki.

Namba fupi kama 100, ukiipiga kwa laini ya Oman, haitakufikisha Vodacom wala Safaricom. Unahitaji namba yao ndefu, yenye +255 au +254, na uwe umeiandika kabla ya balaa. Kama huna, mpigie mtu wako wa nyumbani aanze kutoa taarifa. Mpe jina lako kamili na namba ya kitambulisho. Namba ya siri ya M-Pesa usimpe, hata akiwa nani.

Kuna ugumu mwingine. Tanzania walianza kuzima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 20, 2020. Kwa kawaida, kurudishiwa laini kunataka mwenyewe ufike, na kitambulisho chako na kidole chako. Wewe uko Muscat, likizo ni mwakani. Hela haijapotea, lakini hutaigusa kwa urahisi. Ndiyo maana tunasema laini ya nyumbani si mahali pa kuweka akiba. Acha humo hela ndogo ya matumizi, kubwa ipeleke benki au SACCOS.

Kuitafuta na kutoa taarifa

Kwa simu ya mwenzako, ingia kwenye akaunti yako ya Google, au iCloud kama ni iPhone, utafute kifaa chako. Ukikiona, kwanza kifunge na uweke namba ya kupigiwa. Usikimbilie kufuta kila kitu: simu ya Android ukishaifuta, huwezi tena kuifuatilia hivyo. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako katika simu ya watu.

Halafu nenda kituo cha Polisi ya Oman na bataka yako, boksi la simu au risiti, na namba ya IMEI. Kama umeporwa au uko hatarini, piga 9999. Taarifa hii inakulinda pia endapo laini yako itatumika kwa utapeli.

Laini mpya ya Oman unaifuata dukani kwa kampuni yako, Omantel, Ooredoo au Vodafone, kwa bataka ya mwenye laini. Je, mwenye laini ni wewe? Wako wanaotumia laini yenye jina la bosi, au la rafiki aliyesharudi kwao. Kama ni ya bosi, mwombe mama au baba mwenye nyumba mwende pamoja. Kama ni ya aliyeondoka, tafuta yako sasa, kabla haijapotea.

Mitego ya baadaye

Siku chache baadaye inaweza kuja meseji: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa uingize namba ya siri." Usibonyeze. Ni mtu anayetafuta namba yako aifungue simu. Mwingine atasema tuma riali 10 kwanza ndipo akupe. Usitume. Mkutane kituo cha polisi au mbele ya duka lenye watu, mchana, na uende na mwenzako. Aliyekurudishia kwa wema mshukuru kwa moyo, na soda si vibaya.

Waambie pia wa nyumbani mapema, maana mtu anaweza kuandika kwa jina lako kwamba umekamatwa, tuma hela haraka. Wekeni neno moja la siri la familia. Asiyelijua hatumiwi hata senti.

Simu ikirudi, kagua kwanza salio, miamala na vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Badilisha namba zote za siri, ndipo urudishe huduma ulizozuia.

Kazi ya leo usiku

Chukua daftari. Bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI inayotokea. Andika namba ndefu za huduma kwa wateja za laini ya nyumbani na ya benki, na namba mbili za watu wako, maana siku hizi hakuna anayezikumbuka kichwani. Andika namba za akiba za Google, zile 10 zinazokuingiza kwenye akaunti bila simu yako. Nakili ya IMEI na huduma kwa wateja mtumie mtu wako wa nyumbani.

Kisha weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Ukiiweka, laini ikihamishiwa simu nyingine itaidai, na akikosea mara 3 inajifunga mpaka PUK. Ya kuanzia ipo kwenye kadi iliyokuja na laini. Kama kadi huna, usibahatishe, waulize dukani.

Daftari likae kwenye begi, mbali na simu. Ni kazi ya dakika 20, na hela ya mabati inabaki kuwa ya mabati.